Vifaa vya faragha kwa watu wazima: Tofauti zake na hatari ambazo muuzaji hazitaji

KIFURUSHI hufika Nkubu jinsi vinavyofika vipuri vya pikipiki na simu za mitumba: kwa matatu inayopitia Embu na Chuka, kikiwa kimefungwa kwa karatasi isiyo na maandishi, na malipo yametangulia kwa M-Pesa. Mnunuzi hakukiona kifaa wala kukishika kabla ya kukilipia. Hana risiti. Kikiharibika siku ya pili hawezi kukirejesha, na kikimdhuru hajui aanzie wapi kueleza.

Vifaa vyenyewe ni vile ambavyo watu wazima huvitumia chumbani kujipatia starehe ya kimwili, wawe peke yao au na wenzi wao. Kwa Kiswahili bado havijapata jina moja lililokubalika. Wako wanaoviita midoli, jina linalopotosha kwa kuwa mdoli ni kitu cha mtoto, na wako wanaosema vifaa vya unyumba, ingawa wengi wanaovitumia hawana ndoa. Makala haya yatatumia jina vifaa vya faragha.

Sababu za kuvitafuta ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Yupo mke ambaye mumewe anafanya kazi Nairobi au Ghuba na huja nyumbani mara moja kwa mwaka. Yupo mjane. Yupo mzee ambaye kisukari kimemdhoofisha, na yupo mwanamke aliyekoma hedhi ambaye tendo la ndoa limegeuka kuwa maumivu. Wengine ni wadadisi tu. Nchini Marekani, uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2009 ulibaini kwamba asilimia 52.5 ya wanawake wenye umri wa miaka 18 hadi 60 na asilimia 44.8 ya wanaume wa umri huo walikuwa wamewahi kutumia vifaa vya kutetemesha.

Wauzaji hulinganisha bidhaa zao kwa ukubwa, rangi na idadi ya mitetemo. Hayo ndiyo mambo yenye uzito mdogo zaidi. Linalomhusu mnunuzi kwanza ni kile ambacho kifaa kimetengenezwa nacho, kisha umbo la upande wake wa chini, kisha iwapo kinaweza kuoshwa kikatakata. Kifaa kidogo cha bei ya chini chaweza kushinda kikubwa cha bei ghali katika yote matatu.

Malighafi kabla ya yote

Malighafi inayosifiwa zaidi na wataalamu wa afya ni silikoni, ile ile inayotumika kutengenezea chuchu za chupa za watoto na baadhi ya mipira ya hospitali. Haina vitundu vya kunyonya majimaji, haina harufu, na huvumilia joto. Kifaa cha silikoni tupu kisicho na mota wala betri kinaweza kuchemshwa kwenye maji kwa dakika tano hadi kumi kama chombo cha mtoto mchanga. Chuma cha pua na kioo kigumu cha aina ya vyombo vya maabara navyo huoshwa na kuchemshwa vivyo hivyo, ila kioo hukaguliwa kila mara kwa kidole kama kina ufa, na hakitolewi kwenye maji moto kikatumbukizwa kwenye baridi. Plastiki ngumu, kama ile ya vifuniko vya redio, pia ni salama ingawa haichemshwi.

Upande wa pili kuna vifaa laini vya bei nafuu vinavyofanana na ngozi au na peremende ya rangi. Hivi hutengenezwa kwa vinili iliyolainishwa au kwa raba ya plastiki inayojulikana kwa kifupi kama TPE. Vina vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo hujificha majimaji ya mwili, bakteria na ukungu hata baada ya kuoshwa kwa sabuni. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi mdogo wa wanawake 12 waliopewa vifaa viwili, kimoja cha TPE na kingine cha silikoni laini. Virusi vya HPV, ambavyo aina zake fulani husababisha saratani ya mlango wa kizazi, vilipatikana kwenye baadhi ya vifaa vya TPE saa 24 baada ya kuoshwa. Kwenye silikoni havikupatikana tena baada ya muda huo. Wanawake 12 ni wachache mno kwa hukumu ya mwisho, lakini matokeo yao yanalingana na yale ambayo umbile la malighafi hizo lingemfanya mtu atarajie.

Vinili ina dosari nyingine. Ili iwe laini huchanganywa na kemikali ziitwazo thaleti, ambazo baadhi yake zimehusishwa na kuvuruga homoni. Idara ya mazingira ya Denmark ilivipima vifaa vya faragha mwaka 2006, ikakuta thaleti katika baadhi yavyo, na ikawatahadharisha hasa wajawazito na wanaonyonyesha. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kupitisha sheria mwaka 2005 ya kuweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa aina kadhaa za thaleti katika vitu vya kuchezea watoto. Mdoli wa mtoto ulilindwa. Kifaa kinachoingizwa mwilini mwa mama yake hakikutajwa. Kiwango cha kwanza cha kimataifa cha usalama wa vifaa hivi, ISO 3533, kilitolewa mwaka 2021 tu, na hata hicho ni mwongozo ambao mtengenezaji anaweza kuufuata au kuuacha.

Mnunuzi wa Nkubu hana maabara, lakini ana pua na vidole. Kifaa kinachonuka plastiki mpya kwa ukali, kama kandambili zilizotoka dukani, huenda kina vilainisho vya kemikali. Kinachonata, kinachotoa mafuta juu yake au kinachobadilika rangi kikikaa kabatini kimeanza kuoza na hakifai tena. Neno silikoni kwenye pakiti si ushahidi tosha, kwa sababu hakuna anayelikagua. Yule ambaye tayari ana kifaa asichokiamini anaweza kukivalisha kondomu mpya kila anapokitumia.

Vitu vya jikoni na vya sebuleni ndivyo vibaya kuliko vyote, na watu huvitumia zaidi kwa sababu havihitaji kuagizwa. Ndizi na karoti huvunjika ndani na hubeba dawa za shambani. Mshumaa hukatika. Chupa ya soda ni hatari ya pekee, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani yake huvuta nyama za mwili na chupa ikang'ang'ania, mbali na uwezekano wa kupasuka.

Vinavyotetemeka na visivyotetemeka

Kundi kubwa zaidi ni la vitetemeshi, yaani vifaa vyenye mota ndogo. Vidogo vyenye umbo la risasi hutumika kwa nje, juu ya kinembe. Vikubwa vyenye kichwa cha mviringo na mpini viliuzwa awali kama vifaa vya kukandia misuli. Maarufu kati yavyo, Magic Wand cha kampuni ya Hitachi ya Japani, kilianza kuuzwa mwaka 1968. Vipo pia vya pande mbili, vyenye sehemu ya kuingia ndani na tawi la kugusa nje, ambavyo wauzaji huviita sungura. Tangu mwaka 2014 vimeongezeka vya kutumia msukumo wa hewa, ambavyo havitetemeki kwa kugusa bali huvuta na kusukuma hewa juu ya kinembe.

Kati ya hivyo, vya nje ndivyo vinavyowafaa wanawake wengi, na sababu ni ya kimaumbile. Katika utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, ni asilimia 18.4 pekee ya wanawake waliosema kwamba kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha kileleni. Mwanamke anayenunua kifaa kirefu akitumaini kwamba urefu ndio utakaomfaa aghalabu amelipia kitu asichokihitaji. Wanandoa wengi wangeokoa fedha na lawama kama jambo hili dogo la maumbile lingekuwa limefundishwa mapema.

Hofu ya kwamba kitetemeshi huua hisia haina ushahidi wa kutosha. Ganzi ya muda mfupi hutokea, hasa kwa vyenye nguvu nyingi, na huisha yenyewe. Katika uchunguzi ule wa 2009, asilimia 71.5 ya wanawake waliotumia walisema hawakuwahi kupata dalili yoyote mbaya. Inashauriwa kuanza na kasi ya chini na kupumzisha sehemu hiyo, pamoja na kuepuka kutumia kifaa kikiwa bado kimechomekwa kwenye umeme. Betri iliyovuja au kifaa kinachopata moto mkononi hutupwa bila mjadala.

Vifaa visivyotetemeka, hasa uume wa bandia, havina mengi ya kueleza. Ukubwa uchaguliwe kwa kujipunguzia badala ya kujiongezea, maana maumivu na michubuko hufungua njia ya maambukizi. Mipira midogo ya kukaza misuli ya nyonga huwasaidia baadhi ya wanawake waliolegea misuli hiyo baada ya kujifungua, lakini mwenye maumivu ya nyonga au aliyeteremka kizazi amwone kwanza daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mifuko laini ya wanaume inayoigiza uke karibu yote ni ya TPE, na ndiyo migumu zaidi kuiosha na kuikausha. Ikinuka ukungu, itupwe.

Sheria moja haina msamaha: chochote kinachotumika kwenye njia ya haja kubwa lazima kiwe na upande wa chini uliopanuka, mpana kuliko sehemu inayoingia. Uke una mwisho, utumbo hauna. Misuli ya mlango wa nyuma huvuta kitu ndani, na kisipokuwa na kizuizi hupotelea huko hadi chumba cha upasuaji.

Vipo vile vile vifaa vinavyoongozwa kwa simu, vinavyopendwa na wanandoa walio mbalimbali. Hapa hatari si ya mwili bali ya siri. Mwaka 2017 kampuni moja ya Canada ilikubali kulipa mamilioni ya dola kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba programu yake ilikusanya habari za matumizi yao bila idhini. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini ni vigumu kuifikisha kwa mtengenezaji asiye na ofisi wala anwani nchini.

Pampu na pete: hapa tiba na biashara hukutana

Pampu ya kusimamisha uume ndiyo inayojulikana zaidi hospitalini miongoni mwa vifaa hivi vyote, na papo hapo ndiyo inayotangazwa kwa uongo mwingi zaidi. Asili yake ya kisasa ni Geddings Osbon, mfanyabiashara wa Georgia, Marekani, aliyeiunda kwa matumizi yake mwenyewe. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kuuzwa mwaka 1982, miaka 16 kabla ya sildenafil, dawa inayojulikana kwa jina la Viagra, kuidhinishwa mwaka 1998.

Inafanya kazi hivi. Bomba la plastiki huwekwa juu ya uume, hewa hutolewa, na damu huvutwa kuingia. Kisha pete ya mpira hutelezeshwa hadi shinani ili kuizuia damu isirudi. Pete hiyo haipaswi kuzidi dakika 30. Pampu ya kimatibabu ina vali inayozuia mvuto kupita kiasi. Nyingi zinazouzwa mtandaoni kama vifaa vya starehe hazina vali hiyo, na mtumiaji akizidisha hupasua mishipa midogo ya damu. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda na wenye ugonjwa wa selimundu wasiitumie bila ushauri wa daktari.

Pampu ina faida ambayo vidonge havina. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti hawezi kumeza sildenafil, kwa sababu mchanganyiko huo huteremsha presha ya damu kiasi cha kuua. Kwake yeye pampu huenda ikawa njia iliyobaki. Pia huwasaidia baadhi ya wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume.

Isichoweza kufanya ni kurefusha. Matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme na kutumwa kwenye simu huahidi urefu wa kudumu, na hakuna ushahidi wa kitabibu unaoyaunga mkono. Zaidi ya hayo, mwanamume aliyeanza kushindwa kusimamisha baada ya umri wa miaka 40 anapaswa kupimwa sukari, presha na moyo kabla ya kununua kitu chochote. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo na huziba mapema. Tatizo la chumbani laweza kutangulia tatizo la moyo kwa miaka kadhaa, na anayelificha kwa kifaa cha kifurushini hujinyima onyo hilo.

Pete zinazouzwa peke yake hutofautiana kwa jambo moja tu lenye maana: kama zinavutika. Ya silikoni au yenye kifungo hutolewa upesi. Ya chuma isiyofunguka, uume ukivimba, haitoki ila kwa kukatwa, na si kila hospitali ina kifaa cha kuikatia.

Wanawake waliopitia kisu

Meru ina historia ambayo mjadala huu haupaswi kuiruka. Aprili 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji katika eneo hilo, kwa ushawishi wa serikali ya kikoloni. Wasichana wengi waliipinga amri hiyo kwa kujikeketa wenyewe kwa wembe, wakapewa jina Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Waafrika. Kenya sasa ina Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011, na takwimu za kitaifa za afya zimeonyesha kushuka, kutoka asilimia 21 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mwaka 2014 hadi asilimia 15 mwaka 2022. Hata hivyo, wanawake wengi waliokeketwa bado wako hai, wameolewa, na wameambiwa maisha yao yote kwamba starehe si fungu lao.

Elimu ya mwili haikubaliani na kauli hiyo. Mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa Australia, Helen O'Connell, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinembe imo ndani, ikikumbatia uke pande zote mbili. Wembe huondoa ncha na ngozi ya nje. Mara nyingi mizizi hubaki. Ndiyo maana baadhi ya wanawake waliokeketwa huendelea kuhisi na kufika kileleni, na ndiyo maana mtetemo, unaopenya ndani ya nyama kuliko mguso wa kidole, waweza kuwafaa. Kwao kinachofaa ni kitetemeshi cha nje chenye ncha pana, kwa kasi ya chini na kilainishi cha kutosha. Vifaa vya msukumo wa hewa vinahitaji ncha ya kinembe iliyo wazi na kwa kawaida haviwasaidii. Kovu linalouma, uvimbe mahali lilipo au mlango uliobana ni mambo ya kupelekwa hospitalini, wala si ya kulazimishwa kwa kifaa.

Vilainishi na usafi

Kilainishi cha maji kinafaa kwa kila malighafi na kila kondomu, ila hukauka upesi. Cha silikoni hudumu, lakini chaweza kuharibu uso wa kifaa cha silikoni. Mafuta ya kupaka, mafuta ya nazi na losheni hudhoofisha kondomu za mpira kwa muda wa dakika tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2012 likishauri vilainishi visivyo na chumvi na sukari nyingi iliyoyeyushwa, kwa kuwa vikali hunyonya maji ya seli na kuchubua utando. Asali, sabuni na krimu za kutia ganzi zikae mbali. Ganzi hasa ni adui, maana maumivu ndiyo yanayomwambia mtu aache.

Kuosha ni kwa sabuni isiyo kali na maji vuguvugu, kabla na baada, kisha kifaa kikaushwe kabisa na kuwekwa mahali pasipo na joto. Hakuna haja ya dawa kali za kuua viini. Kifaa kilichotumika nyuma hakihamishiwi mbele kabla ya kuoshwa au kubadilishwa kondomu. Kinachotumiwa na watu wawili kihesabiwe kuwa njia ya kuambukizana kama tendo lenyewe.

Sheria inasema nini

Hakuna sheria ya Kenya inayovitaja vifaa hivi kwa jina. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kutengeneza, kuuza, kusambaza au kuonyesha hadharani vitu vichafu, pamoja na kuwa navyo kwa ajili ya biashara, na adhabu iliyowekwa humo ni kifungo cha miaka miwili au faini ya Sh7,500. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo inaweka vitu vichafu katika orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa. Kipi ni kichafu huamuliwa na afisa au na mahakama. Anayemiliki kifaa nyumbani kwa matumizi yake hatajwi katika kifungu cha 181, na Katiba ya 2010 inalinda faragha yake katika ibara ya 31. Anayekiagiza kutoka nje, hata hivyo, anaweza kunyang'anywa forodhani.

Utata huo ndio unaomdhoofisha mnunuzi. Ibara ya 46 ya Katiba humpa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora na habari za kutosha kuzihusu. Lakini ni nani atakayesimama mbele ya ofisa kudai haki hiyo juu ya kitu ambacho huenda ofisa huyo akakiita kichafu? Muuzaji analijua hilo, na ndiyo sababu risiti haiandikwi.

Makanisa yana msimamo wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inahesabu kujistarehesha kuwa kosa zito, na wanazuoni wa Kiislamu hutofautiana kuhusu yale ambayo mume na mke wanaweza kuyafanya pamoja. Dai la kwamba vifaa hivi ni uchafu mpya ulioletwa na intaneti, kwa upande mwingine, halina msingi. Oscar Baumann, mvumbuzi kutoka Austria aliyekuwa balozi mdogo Zanzibar, aliandika katika jarida la kisayansi la Berlin mwaka 1899 kuhusu uume wa bandia wa mpingo, na mara nyingine wa pembe za ndovu, uliochongwa na mafundi wa Kiafrika na wa Kihindi kisiwani humo. Uliuzwa kwa siri.

Wakati wa kwenda hospitali

Kuna hali zisizongoja. Kitu kilichopotelea njia ya haja kubwa hakivutwi kwa waya wala kijiko, na mtu asinywe dawa ya kuharisha. Pete iliyokwama huku uume ukibadilika rangi ni dharura ya dakika, na uume uliosimama kwa zaidi ya saa nne ni dharura pia. Damu isiyokoma, homa, tumbo gumu lenye maumivu makali, yote ni sababu ya kuondoka usiku huo huo. Kwa mkazi wa Nkubu ipo hospitali ya misheni ya Consolata mjini hapo, ipo ya Kanyakine, na juu zaidi ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru.

Kinachowachelewesha watu ni aibu, hasa katika mji ambao muuguzi huenda ni jirani au binti wa shangazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 11, inawalazimu wahudumu kutunza siri za mgonjwa. Anayefika aseme ni kifaa gani, kina urefu gani, kiliingia saa ngapi na kama kina betri, na akiwa na pakiti yake aje nayo. Plastiki nyingi hazionekani vizuri kwenye eksirei, na daktari ambaye hakuambiwa ukweli anaweza kuitazama picha, asione kitu, na kumrudisha mgonjwa nyumbani.